Ngoma ya Kukalia Viti

Mtu akikwambia anakuletea utamaduni ndani ya katoni, mfungie mlango. Mimi sikumfungia, kwa sababu mwenye katoni ndiye aliyekuwa ananilipa mshahara.

Nilikuwa mpiga chapa Mwanza mjini, katika kampuni ya sabuni iliyokuja na upepo wa soko huria, ikakaa miaka michache, ikaondoka na meza zake. Jina lake nimelisahau kwa makusudi. Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Pamba ilinunuliwa na yeyote mwenye lori na mzani wake wa mashaka. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki sokoni Mwaloni tunagombania mapanki, yaani mifupa iliyobaki. Na sabuni, jamani, zilikuwa za kila rangi na kila harufu, lakini ukifulia shuka moja imekwisha, wakati ile ya mche tuliyoizoea ilikuwa inafua nguo za nyumba nzima na bado inabaki ya kuoshea vyombo.

Bosi wetu alikuwa kijana kutoka Dar, amesomea nje. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa mpole, anatoa shikamoo hata kwa mfagiaji. Tatizo lake alikuwa hajui kitu na hajui kwamba hajui. Siku moja mwezi wa saba akatukusanya, macho yanamng'aa, akasema kule alikosomea, baridi inapokaribia kuisha watu hufanya matamasha ya sanaa ili wananchi watoke ndani wachangamke. Kampuni nayo ingefanya hivyo hivyo hapa. "Tuwatoe watu ndani," akasema.

Nikatazama dirishani. Ndani wapi? Mwanza, kiangazi, nani yuko ndani? Baridi yetu ni upepo wa ziwani wa alfajiri, unajifunga khanga ya pili, ikifika saa tatu umeshaivua. Halafu ni vumbi na jua. Na huo ndio msimu wenyewe! Mahindi yako ghalani, pamba imeshauzwa, majembe yamepumzika, na Usukuma nzima iko uwanjani inacheza ngoma tangu enzi za mababu. Mtu anatoka Dar kuja kutuomba tutoke ndani. Kweli kuishi kwingi ni kuona mengi.

Ikaundwa kamati. Bosi mwenyewe; mwalimu mstaafu wa kwaya, aliyefunga tai hata akienda sokoni; mwenye hoteli moja mjini; na mama mwenye saluni. Hao ndio wangekuwa majaji. Katika wote wanne hakuna aliyewahi kukanyaga uwanja wa ngoma, labda kwa kupita njia. Mimi nilikaa pembeni kuandika maneno yao, lakini mdomo wangu haujawahi kunitii.

"Mshindi atapatikanaje?" nikauliza.

"Kwa alama," akasema mwalimu wa kwaya. "Sauti, mavazi, nidhamu. Kila kikundi dakika tano jukwaani, kwa zamu."

"Na watazamaji?"

"Watakaa vitini."

Nilicheka mpaka bosi akaniuliza kama naumwa. Acha nieleze nilichochekea, maana wengine mnaosoma nanyi mmekulia vitini. Kwetu ngoma hazichezwi kwa zamu. Vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja, saa ile ile, kimoja upande huu kimoja upande ule, na kila kimoja kinapiga, kinaimba na kurusha majembe hewani kwa nguvu zake zote. Watu wanasimama katikati. Panaponoga ndipo wanapokwenda. Pakipoa wanahama. Jioni yule mwenye watu ndiye mshindi, na yule aliyebaki anachezea mbuzi anafungasha ngoma zake. Jaji ni miguu ya watu. Sasa ukimkalisha mtu kitini umemnyang'anya kura, ndugu yangu. Niliwaeleza hivyo. Mama wa saluni akasema huo ni utaratibu wa fujo, na mwenye hoteli akauliza kuhusu soda.

Haya yote ningeyacheka tu nikaendelea kupiga chapa, kama kikundi kimoja kati ya viwili walivyovialika kutoka vijijini kisingekuwa cha baba mdogo.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba yangu, alikuwa manju wa ngoma kijijini kwetu tangu kabla sijazaliwa. Manju ndiye anayetunga, anayeanzisha wimbo, na ndiye anayeshika usinga, ule mkia wa ng'ombe unaopungwa mbele ya wachezaji. Alikuwa mrefu, mwenye majivuno, na sauti ya kukufanya uache chakula. Mpinzani wake alikuwa manju wa ng'ambo ya bonde, mfupi, mwenye mdomo kama wembe. Msimu baada ya msimu walitukanana kwa nyimbo mbele ya watu, maana ndiyo sehemu yenyewe tamu, na msimu ukiisha wanaazimana ng'ombe wa kulimia. Baba mdogo alipofiwa na mtoto, aliyeshika jembe la kwanza kuchimba kaburi ni huyo huyo mwenye mdomo.

Lakini baba mdogo alikuwa ameshaanza kuumwa kifua. Pumu. Vumbi likimwingia anavuta pumzi kwa sauti, midomo inabadilika rangi. Daktari alimwambia wazi: mzee, ukiendelea kukimbiakimbia kwenye vumbi utafia uwanjani. Unajua alijibu nini? "Usinga hauwekwi chini na daktari. Unawekwa chini na watu." Maana kikundi chao kilikuwa na sheria yake: manju akikimbiwa na watu misimu miwili mfululizo, anaweka usinga chini, anaachia wengine. Msimu uliopita watu walikuwa wamemkimbia. Kwa hiyo msimu huu ulikuwa ndio huo. Akishinda, anaendelea kucheza. Akishindwa, amekwisha, anakuwa mzee kama wazee wengine wa kuketi na kupiga soga.

Nilipanda basi pale Buzuruga nikaenda kijijini kumwomba akatae mwaliko. Nilimkuta mama mdogo uani anapepeta mahindi. Mwanamke mkimya, mwembamba, ambaye miaka yote ile nilimjua kwa kazi moja: kubeba kibuyu cha maji nyuma ya ngoma ya mumewe.

"Mwambie wewe," akaniambia. "Mimi nimesema mpaka ulimi umeota sugu. Akianza kukohoa namshika mgongo, nahesabu pumzi kama mganga. Ng'wanawane, mwanangu, mimi sitaki sifa. Nataka mume."

Nikaingia ndani. Shikamoo, marahaba, habari za mjini, nikatoa maneno yangu yote niliyoyapanga ndani ya basi. Baba mdogo akanisikiliza huku anapaka mafuta mpini wa usinga.

"Mwenzangu wa ng'ambo amekubali?"

"Amekubali."

"Basi unataka niambiwe nimemkimbia? Nenda kawaambie wenye sabuni yako nakuja."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndiyo, lakini huyu alikuwa ndiye mkuu mwenyewe. Ningemwambia nini?

Siku ya tamasha ilikuwa Jumapili mchana, katika kiwanja kikavu nje kidogo ya mji. Loo! Walikuwa wamezungusha kamba ya katani kuzunguka watazamaji, na ndani ya kamba viti vya plastiki vimepangwa mistari kama kanisani. Mbele kuna jukwaa la mbao. Pembeni kuna turubai, chini yake meza ya majaji yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Maua ya plastiki, mwezi ambao kila ua la kweli kiwanjani limekufa kwa kiu! Spika zinapiga bolingo mpaka meno yanatetemeka. Watu walikuja wengi sana, wengine kwa baiskeli kutoka mbali, wengine walivuka ziwa na kivuko kutoka Nansio, wakiwa wamesikia kwamba manju wawili wanakutana. Wakakuta kijana mwenye kipaza sauti anawafokea. "Tukae jamani! Wewe mzee mwenye fimbo, kaa! Mama, usisimame, unawaziba wenzako!" Yule mzee akatazama kiti, akatazama kijana, akaketi chini kwenye vumbi kwa heshima zake.

Wa kwanza kupanda walikuwa vijana wa hotelini waliovaa sketi za katani na kujichora chokaa usoni. Usukumani nani alivaa sketi ya katani, na lini? Kazi yao ilikuwa kutingisha mabega hotelini kwa ajili ya watalii walio njiani kwenda kuona simba. Mwalimu wa kwaya akaandika alama, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu wasichana wakapita na mavazi, huku na huko, wameshika sabuni mkononi na kutabasamu. Mama mmoja karibu yangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama hao wote ni wachafu.

Ndipo akaitwa manju wa ng'ambo. Ngoma zake kubwa hazikutosha jukwaani, zikaachwa chini, wachezaji juu na wapigaji chini, hawaonani. Mwenyewe akapanda, akamtafuta baba mdogo kwa macho, akaanza kama anavyoanza siku zote:

"Mwenzangu ana kifua cha ajabu, kinapiga filimbi kabla ya mpiga filimbi. Msimwoe binti yake, atawadai mahari kwa kikohozi!"

Watu wakaangua kicheko. Baba mdogo alicheka kuliko wote, anapiga paja, anajitayarishia jibu. Lakini pale mezani ilikuwa kama mtu ameangusha nyoka. Bosi akapunga mikono. Kipaza sauti kikazimwa. Kijana wa kufoka akatangaza kwamba kikundi hicho kimetumia lugha ya kumdhalilisha mgonjwa, kwa hiyo kimetolewa mashindanoni. Kimetolewa! Manju mzima anashushwa jukwaani kama mlevi aliyeingia harusini. Nilisonya mpaka mama wa saluni akanigeukia.

Baba mdogo akapandishwa. Akaimba, lakini nilimwona macho yanamtafuta mwenzake, na mwenzake hayupo mbele yake. Alikuwa kama mtu anayeongea na ukuta. Katikati ya wimbo wa pili mwalimu akagonga kengele ya shule, dakika tano zimekwisha. Majaji wakainamiana, wakanong'onezana, wakatangaza mshindi: baba mdogo. Wakampa kikombe cha bati chenye masikio mawili na katoni ya sabuni. Kijana akamsogezea kipaza sauti.

"Mzee, unaogea sabuni gani?"

"Ninayopewa," akajibu baba mdogo.

Nilimwona mama mdogo kati ya wanawake nyuma. Wengine walikuwa wanapiga vigelegele kwa mazoea. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kibuyu mapajani, uso umekauka. Kwa kikombe kile usinga ungebaki mkononi, na mwaka unaofuata vumbi lingekuwa lile lile na kifua kile kile. Nilielewa vizuri sana alichokuwa anakiogopa.

Mtu mwingine angebeba kikombe chake akaenda zake. Baba mdogo alishuka, akaenda hadi kwenye kivuli cha lori alipokaa mpinzani wake.

"Hongera, mshindi wa meza," akasema yule mwenye mdomo.

Baba mdogo akanikabidhi kikombe. "Shika takataka hii." Halafu akavuka kamba.

Haikuchukua muda. Nje ya kamba, kwenye uwanda mtupu, vijana wakawasha moto wa nyasi kukaza ngozi za ngoma. Zikagongwa mara moja tu kujaribiwa, na pale ndani viti vikaanza kuanguka. Watu walipita juu ya kamba, chini ya kamba, mwisho kamba yenyewe ikalala. Kijana wa kufoka anapiga kelele kwamba bado kuna kwaya na bahati nasibu. Thubutu! Nani alimsikia? Yule mzee wa fimbo ndiye alikuwa mbele ya wote.

Nilizaliwa kwenye ngoma, lakini ile sijaiona tena. Vikundi viwili, vumbi katikati, majembe yanakwenda juu yanang'aa na kurudi mikononi bila kukosea. Mpinzani akarudia wimbo wake wa kifua. Baba mdogo akajibu kwamba mdomo wa mwenzake una nguvu kuliko mguu wake, ufungwe jembe ulime shamba. Watu wakakimbilia huku. Mwenzake akaongeza, wakakimbilia kule. Baadaye hawakukimbia tena, wakagawanyika nusu kwa nusu, wamesimama kila mtu na upande wake. Nilikuwa upande wetu na kikombe mkononi, na nilijawa na fahari, nisifiche. Niliwaangalia majaji kule chini ya turubai, peke yao na maua yao, nikasema moyoni, haya, toeni alama sasa.

Halafu sauti ya baba mdogo ikakatika.

Wapigaji wake walikuwa waerevu, wakaongeza ngoma kumfunika. Yeye akaendelea kuupunga usinga, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka. Midomo ilikuwa imeshabadilika. Mpinzani aliona, nilimwona akipunguza, lakini kwa desturi hawezi kuacha, kuacha ni kumdharau mwenzake. Na watu nusu kwa nusu maana yake ni mpaka jua lizame. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusimamisha jambo lile. Si mimi, si wapigaji, wala si daktari, hata kama angekuwepo.

Mama mdogo akasimama. Akajifunga khanga kiunoni, akachukua kigoda chake na kibuyu chake. Nilidhani anampelekea maji. Akapita mbele ya mumewe bila kusimama, akaingia kwenye ule uwazi wa katikati ambao mtu hauvuki ila amekusudia, akatembea taratibu, akafika ng'ambo, akaweka kigoda chake miguuni pa ngoma za mpinzani, akaketi.

Mke wa manju! Mungu wangu. Hata ngoma ziliyumba. Wanawake wa kwetu wakatazamana. Mmoja akamfuata. Halafu watatu, halafu kundi, halafu vijana, na upande wetu ukawa unamwagika kama gunia lililotoboka. Mimi sikusogea. Nilimwona msaliti, tena msaliti wa hadharani, na kama angekuwa karibu ningemwambia.

Baba mdogo aliwaangalia wanavyokwenda. Alimwangalia mmoja tu, kwa kweli. Akauinamia mchanga, akaulaza usinga chini kwa mikono miwili.

Ng'ambo wakaacha kupiga papo hapo. Hakuna aliyezomea, na kuzomea ni haki ya mshindi. Mpinzani akaja mbio na miguu yake mifupi, akafoka, "Kiti! Leteni kiti!" Wakaleta kimoja cha plastiki, wakamkalisha, na hiyo ndiyo kazi pekee ya maana iliyofanywa na viti vile siku hiyo. Mama mdogo alikuwa ameshafika, anamshika mgongo na kumnywesha.

Bosi wangu naye akaja, anapukuta vumbi kwenye viatu. Alitaka kupiga picha na mshindi. "Kwani hatimaye ameshinda nani?" akaniuliza. Nikamkabidhi kikombe chake, nikamwambia akapige picha na maua.

Nyumbani kwao jioni ile ukaletwa ugali. Baba mdogo alikuwa anapumua vizuri kidogo. Akanawa mikono, akamtazama mkewe.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akageukia ukuta, akala. Kuanzia siku hiyo akanuna. Si kununa kwa siku mbili tatu. Chumvi alikuwa anaiomba kupitia kwa watoto wa jirani. Na kisimani wanawake hawakumwachia mama mdogo nafasi, walimwimbia vijembe: mke gani anamvua mumewe nguo mbele ya kadamnasi? Yeye aliteka maji yake akarudi nyumbani. Mimi mwenyewe sikwenda kuwaona muda mrefu, na nilijiona nina haki.

Nilikwenda mvua za vuli zilipoanza. Njiani niliona majembe yako mashambani tena. Mama mdogo alikuwa jikoni anachochea moto, na kutoka uani nilimsikia baba mdogo akigombeza ng'ombe kwa ile sauti ya kukufanya uache chakula, sentensi ndefu, bila kukohoa. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu makali. Nikajikuta nauliza jambo jingine.

"Bado amenuna?"

"Bado," akasema. "Asubuhi ananuna, mchana ananuna, akilala ananipa mgongo."

"Na wewe unavumilia?"

Akapuliza moto mpaka ukashika, akafuta macho kwa ncha ya khanga, moshi ule.

"Mwache anune," akasema. "Maiti hainuni."